Wimbo Niliomkatisha Dada Delphia

Delphia Rasnick Stiltner alizaliwa Alhamisi, tarehe 4 Machi 1948, nyumbani kwao Brushy Fork, kaunti ya Dickenson, jimbo la Virginia. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Hobert Rasnick, mchimba makaa ya mawe na mpiga fidla, na marehemu mama Icie. Mkunga alisema mtoto alitoka amenyoosha mkono, kama mtu anayedai chake. Miaka minne baadaye alizaliwa mdogo wake, Verlin, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayewasomea. Mpwa wake Renita, binti wa marehemu, alimpa karatasi yenye mpangilio: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, ugonjwa. Akamwambia ukurasa mmoja unatosha. Verlin amejaribu.

Nyumba ile ilikuwa na sheria mbili. Barazani palikuwa pa Mzee Hobert na fidla yake. Ndani palikuwa pa mama Icie na kanisa lake, hili hili tulimokaa, ambalo halijawahi kuruhusu chombo cha muziki na haliruhusu hadi leo. Hapa kiongozi huutaja mstari, halafu watu wote huuvuta pamoja, na kila mmoja huupinda apendavyo, huyu anapanda, yule anashuka, na bado hakuna anayeachwa nyuma. Delphia alikaa benchi la tatu karibu na mama yake tangu akiwa na miaka mitano, akipinda kuliko wote. Wazee walikuwa wakigeuka kumtazama. Mama Icie hakuwahi kumnyamazisha.

Jumapili moja ya mwaka 1953 Mzee Hobert alisahau siku, au ndivyo alivyodai, akachukua fidla sebuleni. Mama Icie alimtoa nje akafunga mlango kwa komeo. Mvua ikaanza. Mzee akakaa barazani akapiga wimbo ambao haukuwapo duniani asubuhi ile, na alipoumaliza mlango ulikuwa bado umefungwa, basi akaurudia. Ndio huo “Icie Kafunga Mlango”, ambao nusu ya watu waliomo humu wanaweza kuupiga wamelala. Mama alishikilia hadi kufa kwake kwamba alifungua kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua, wala si kwa ajili ya wimbo.

Marehemu alisoma shule ya chumba kimoja ya Brushy Fork hadi darasa la saba, kisha sekondari ya mjini, alikomaliza mwaka 1966. Mwalimu wa kwaya aliandika kwenye ripoti yake kwamba Delphia ana sauti nzuri, ila haimbi kilichoandikwa. Mzee Hobert aliibandika ripoti ile kwenye mlango wa jokofu. Banjo alikuwa ameishika tangu ana miaka minane, ya babu yake, yenye ngozi iliyochanika pembeni, na alipotimiza kumi na tano hapakuwa na mwanamume katika bonde lote aliyependa kukaa karibu naye akiwa na banjo yake mwenyewe.

Kuhusu kazi, alishona mashati kiwandani kwa miaka saba, akaacha kwa sababu, kwa maneno yake, alikuwa ameshona kola ileile mara laki moja. Mwaka 1974 akapata kazi ya kuendesha basi la shule, akaifanya kwa miaka ishirini na sita bila ajali hata moja. Wazazi walilalamika. Hakuwahi kupita njia ileile wiki mbili mfululizo. Mkuu wa usafiri alimwita akamwekea ramani mezani, njia imechorwa kwa wino mwekundu, akamuuliza kama haioni. Akasema anaiona vizuri sana, na watoto wote wamefika shuleni kabla ya kengele, sasa tatizo ni lipi. Wako watu wazima humu ndani, wenye mvi, waliopanda basi lile na wanajua kila kijia cha mlima huu kwa sababu yake.

Alifunga ndoa na marehemu Garland Stiltner Jumamosi, tarehe 12 Juni 1971. Garland alikuwa mchimba makaa, mtu wa maneno machache. Alipokwenda kumposa, Mzee Hobert alimwambia hivi: “Mkwe sina haja naye. Nina haja na mpiga besi.” Garland akarudi baada ya wiki sita na besi aliyoitengeneza kwa beseni la kufulia, mpini wa fagio na kamba. Akakubaliwa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Renita na Wade. Garland alitangulia mwaka 2009, kwa vumbi la makaa mapafuni. Delphia alisema Garland ndiye mtu pekee aliyewahi kumfuata popote alipokwenda bila kuuliza wanakwenda wapi, na nataka mlishike neno hilo, maana nalifikia sasa hivi.

Ndivyo ilivyokuwa bendi ya familia ya Rasnick: Mzee Hobert kwenye fidla, Delphia banjo, Verlin mandolini, Garland besi, na gita kwa yeyote aliyekuwapo, hadi Renita alipokua akalichukua. Tulipiga bluegrass, ule muziki wa nyuzi wa milimani kwetu, kama ulivyopaswa kupigwa. Maikrofoni moja. Kila mtu husogea mbele, hupiga zamu yake mara moja, hurudi nyuma kumpisha mwenzake. Na kila noti ilikuwa pale Mzee alipoiweka.

Halafu kulikuwa na mguu. Kila mtu hapa anajua mguu ni nini, ila Renita anasema kuna ndugu wametoka Ohio na wamesahau kwao. Basi, anayeongoza bendi akitaka wimbo uishe, hunyanyua mguu. Ukiuona mguu uko juu, huo ndio mzunguko wa mwisho, mnamaliza pamoja. Hakuna anayehoji mguu. Mzee Hobert alipokuwa kitandani mwaka 1979, hawezi tena kukaa, alituita wote wawili akasema mguu anampa Verlin. Delphia alikuwa mkubwa kwa miaka minne na alipiga vizuri mara mbili ya Verlin. Sababu ya Mzee kila mwanamke humu anaijua na haina haja ya kusemwa kanisani. Delphia alimshika baba yake bega akasema, “Sawa, baba. Mimi mikono yangu inanitosha.” Nafasi ya Mzee kwenye fidla ikachukuliwa na jirani yetu, na tukaendelea.

Huyo Verlin ni mimi. Tangu mwanzo nimejisema kama mtu wa pembeni kwa sababu ndivyo wasifu unavyoandikwa, lakini hapa siwezi tena. Mtanisamehe.

Kuanzia kama mwaka 1986 dada yangu alianza kutoka nje ya wimbo. Kwanza kidogo, noti mbili tatu mwishoni mwa zamu yake. Baadaye zamu nzima. Nilimwambia Mzee hakuupiga hivyo. Akajibu kwamba Mzee mwenyewe alipokuwa kwenye mvua ile hakuwa na Mzee wa kumuiga. Nilikasirika. Usiku sikulala vizuri, nikila nilikuwa nasikia noti zake, na kila tukipanda jukwaani nilikuwa namtazama yeye badala ya kutazama mandolini yangu. Mtu hawezi kupiga muziki hivyo. Ni kama kumtazama mtoto akitembea juu ya ukuta.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti 1991, tulikuwa kwenye mashindano ya Kilgore Gap, saa tisa alasiri, jua kali. Majaji walikuwa ndani ya trela nyuma ya jukwaa, kama kawaida, wanasikia kwa spika, hawaoni nani anapiga. Tukapiga “Icie Kafunga Mlango”. Fidla ikaanza, mandolini ikafuata, Delphia akaja na zamu yake. Akaipiga moja kwa moja nusu ya kwanza. Nusu ya pili akatoka. Akatoka hasa, si mchezo. Ulipofika wakati wa kurudi nyuma kutoka kwenye maikrofoni, hakurudi, akaingia mzunguko mwingine, na sasa sikuusikia wimbo popote. Nilitafuta mahali pa kushika, sikupaona. Mpiga fidla akanitazama. Renita, wakati ule ana miaka kumi na sita, akanitazama. Garland peke yake hakumtazama mtu. Alikuwa ameinamia viatu vyake, anamfuata mkewe.

Nikajua amepotea. Na sisi tuna adabu yetu, mwenzako akipotea wimboni mbele ya watu humuachi aaibike. Unamaliza wimbo upesi, mnainama, watu wanapiga makofi, hakuna anayesema kitu. Ni huruma. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na hivyo ndivyo nilivyofanya. Nikanyanyua mguu.

Wote wakauona, wakafunga wimbo kama mlango. Ila Delphia alikuwa amefumba macho. Akabaki anapiga, yeye na besi ya Garland tu, mistari miwili au mitatu, mbele ya watu mia sita. Kisha akafumbua macho. Akautazama mguu wangu, ambao kwa ujinga nilikuwa bado nimeuning'iniza hewani, akaziba nyuzi kwa kiganja. Watu wakapiga makofi ya kumhurumia. Hakuna aliyekuwa amewahi kumhurumia dada yangu kabla ya siku ile.

Nilimkuta nyuma ya lori, anaiweka banjo kwenye kasha lake.

“Ulikuwa umepotea,” nikasema.

“Nilikuwa nimebakiza kona moja, Verlin.”

“Dada, hata mimi sikukuona.”

“Nani kakwambia wewe ndiye wa kuniona?”

Hakupaza sauti. Alifunga kasha, akampa Garland alichukue, na ule ndio ukawa mwisho wa bendi ya baba yetu kama mlivyoijua. Mwaka uliofuata akaanza bendi yake na Garland na Renita, na Wade alipofikisha miaka kumi na miwili akaingia na fidla ya Mzee. Kwao hakukuwa na mguu. Wimbo uliisha ulipoisha. Mtu angeweza kwenda kununua mkate wa mahindi na bakuli la maharage, ale, aoshe bakuli, arudi akute ni wimbo uleule. Wazee wa hapa waliondoka na viti vyao. Vijana wakaja na vyao. Mimi nikabaki na jina la bendi na watu wa kukodi, nikipiga kila noti pale Mzee alipoiweka, na wanaonijua watawaambia nilivyokuwa mkali kwa hilo.

Sasa nasema jambo ambalo Renita hakuliandika kwenye karatasi yake. Wiki mbili baada ya Kilgore Gap, jamaa mmoja aliyekuwa na kinasa sauti kando ya jukwaa aliniletea kaseti, kwa wema tu. Nikaisikiliza jikoni kwangu. Kwenye kaseti huoni jasho, huoni macho ya watu, unasikia tu. Na nikasikia. Alikuwa ameushika wimbo muda wote. Aliugeuza juu chini, mstari kwa mstari, na kila mstari ulikuwa mahali pake, kama alivyokuwa akiimba karibu na mama Icie pale benchi la tatu. Pale nilipowasimamisha, alikuwa anakata kona ya kurudi nyumbani. Mistari minne tu ilibaki. Besi ya Garland ilikuwa tayari inamngojea.

Nikaitoa kaseti ile, nikaiweka ndani ya bati la biskuti, nikaliweka bati juu ya kabati. Nilikaa nayo miaka thelathini. Kila Siku ya Shukrani tulikaa meza moja na dada yangu, nampitishia viazi, ananipitishia mchuzi, tunazungumzia hali ya hewa, na mimi najua. Ningeweza kusema wakati wowote. Mara kumi nilishika simu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilingoja hadi kikaribie.

Jumamosi, tarehe 16 Oktoba 2021, marehemu alikuwa nje anachemsha tufaha kwenye sufuria kubwa ya shaba alipoanguka. Kilikuwa kiharusi. Kilimchukua mkono wa kulia na karibu maneno yote. Alilazwa wiki tano, akarudi nyumbani akiwa anaelewa kila kitu na hawezi kusema karibu chochote, hali ambayo kwa mtu kama yeye ilikuwa kufungwa jela. Renita alinipigia simu. Tulikuwa hatujaongea miezi.

“Mjomba,” akasema, “mkono wake wa kushoto ni mzima. Unatembea juu ya nyuzi mchana kutwa, lakini hakuna sauti, maana wa kulia ndio wa kupiga. Wewe unao wa kulia.”

Kuna mchezo ambao tuliufanya utotoni ili kuwachekesha wageni: watu wawili, banjo moja, huyu anabana nyuzi, huyu anazipiga. Nikaenda. Nikakaa kulia kwake kwenye kochi, bega kwa bega, banjo imelala mapajani mwetu wote, nikavaa kucha za chuma za kupigia. Alinitazama usoni, akanusa koti langu, akakunja pua kwa ajili ya tumbaku. Kisha akaweka mkono kwenye shingo ya banjo.

Nilikwenda kila Jumanne na kila Ijumaa kwa karibu miaka miwili. Mwanzoni tulipiga kama Mzee alivyopiga, kwa sababu mkono uliokuwa unapiga ni wangu, na dada aliniachia. Nadhani alinihurumia. Mwezi wa tano mwaka huu sikuweza tena. Nikachukua bati la biskuti, nikabeba na kinasa sauti cha zamani, nikamwekea kaseti. Tuliisikiliza tukiwa tumekaa vilevile, mabega yamegusana. Ilipofika pale bendi inaponyamaza na kubaki yeye na Garland, alifumba macho. Nikazima.

“Dada, hukuwa umepotea,” nikasema. “Niliisikia hii wiki mbili baadaye. Nimejua miaka yote hii. Nilikuaibisha, halafu nikakuacha uaibike.”

Nilitaka aseme neno. Lolote. Angenitukana ningeshukuru. Alinitazama, akapeperusha mkono wa kushoto kama anayefukuza nzi, akaurudisha juu ya banjo na kunigonga bega kwa lake. Basi nikaanza kupiga. Akaanza na wimbo wa baba, safari hii hakukaa humo. Alikwenda. Nilikuwa napiga nyuzi bila kujua sauti gani itatoka, nikamfuata mzunguko mmoja, nikamfuata wa pili, halafu sikujua tena niko wapi, nikasimama.

Akageuka. Alihangaika na mdomo wake, nikaona jasho likimtoka kwenye paji la uso, na neno likatoka lote, zima, safi.

“Usisimame.”

Tulipiga siku ile hadi Renita akaja kutuita kula mara tatu.

Marehemu alipata kiharusi cha pili nyumbani kwake na kufariki dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, akiwa na miaka sabini na mitano, watoto wake wawili wakiwa pembeni yake. Mimi niliwasili saa nne, kucha za chuma zimeshavaliwa.

Ameacha watoto wawili, Renita na Wade, wajukuu watano, vitukuu wawili, banjo moja ambayo watoto hao bado wanaigombania, na mdogo wake mmoja.

Humu kanisani hakuna kitakachopigwa, na hivyo ndivyo mama yetu angetaka. Lakini kule juu makaburini tutapiga “Icie Kafunga Mlango”, na Renita ameniomba nishike zamu ya pili, ile ya mama yake, kwa mandolini. Nina miaka sabini na moja na sijawahi kuanza zamu nisiyoujua mwisho wake. Nitaogopa, mtaniona. Basi Renita, Wade, na ninyi wote mtakaokuja na vyombo, nawaomba jambo moja. Mkiona nimekwenda mbali, mkausikiliza wimbo msiusikie, msinihurumie. Msinimalizie. Endeleeni kupiga mnifuate, na kama ni kupotea, tupotee wote, hadi nifike au nisifike.

Dada, Mungu akupe pumziko la amani, kama utaweza kukaa kitako.